Shajara ya mradi: umeme wa vani, kuanzia betri hadi mlango wa nyuma

11 Januari: gari lilivyopokelewa

Vani ya dizeli, ndefu, milango miwili ya nyuma ya bawaba, na imeshapita mikononi mwa mafundi wengi. Malalamiko ya mwenyewe ni manne. Ikilala wiki mbili haiwaki. Ukikanyaga breki, indiketa ya nyuma kulia inang'aa kwa mbali. Fyuzi ya taa ndogo za kulia na taa za namba hukatika bila mpangilio. Na loki ya umeme ya mlango wa nyuma hufanya kazi ikijisikia.

Mwenyewe ameshaambiwa kwamba wayaringi yote imekufa na ibadilishwe. Sikubali. Wayaringi haifi yote kwa mpigo. Hufa mahali: kwenye bawaba, panapoingia maji, penye joto, na hasa pale mtu alipokata waya wa kiwandani akaunga kitu chake. Nitayachukua malalamiko haya kama hitilafu nne tofauti mpaka vipimo vinionyeshe kwamba yana undugu.

Kabla ya kupima lolote nilifungua boksi la fyuzi, na kazi ikaanzia hapo hapo. Kwenye tundu la taa ndogo za kulia, kifuniko kimeandikwa ampea 10. Ndani kulikuwa na fyuzi ya kijani. Kwa fyuzi hizi za bapa, nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Mtu alichoka kuona fyuzi inakatika akaweka ngumu zaidi. Iliendelea kukatika, ila sasa inapika waya kwanza. Fyuzi haikuwekwa kulinda balbu, imewekwa kulinda waya, na waya huu una milimita ya mraba 0.75 tu. Ampea 30 zikipita humo hata kwa muda mfupi, ganda la plastiki linalainika, na nyaya zilizofungwa nao fungu moja zinaonja joto hilo pia. Nimerudisha nyekundu na kuandika pembeni: waya huu ukaguliwe urefu wake wote.

Vifaa: mita ya kidijitali, koleo la kubania vichwa vya waya, na balbu ya wati 21 niliyoifunga nyaya mbili zenye klipu. Anayetaka kuiga kazi hii aanze na hiyo balbu. Kwenye mradi huu imefanya kazi kubwa kuliko mita.

Gharama: fyuzi moja.

12 Januari: betri na chaji

Ya kawaida, kwa kifupi. Betri ya ampea-saa 70 ilikuwa na volti 12.1, yaani kama nusu. Ikachajiwa usiku kucha, ikapumzishwa, ikasoma 12.7. Wakati stata inazunguka ilishuka hadi 10.4, si mbaya. Injini ikiwaka: 14.2 kwenye vichwa vya betri, taa zikiwa zimewashwa 14.0. Mita kwenye upande wa mkondo geu ilisoma volti 0.04, kwa hiyo diodi za altaneta, zinazogeuza mkondo geu kuwa mkondo wa betri, hazina shida. Zingekuwa zimeharibika ningetarajia nusu volti au zaidi.

Betri nzima, altaneta nzima. Mwenyewe alikuwa ameshanunua betri mpya mwaka uliopita kwa tatizo hili hili, na hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote zitakazoandikwa humu.

18 Januari: nani anakula betri gari likiwa limelala

Kinachopimwa hapa ni umeme unaoendelea kutoka kila kitu kikiwa kimezimwa. Magari ya kisasa huvuta kidogo siku zote, kwa ajili ya saa, kumbukumbu ya redio, na kompyuta inayosubiri rimoti. Kati ya ampea 0.02 na 0.05 hakuna neno.

Maandalizi ndiyo nusu ya kipimo. Boneti iko wazi, kwa hiyo loki yake niliifunga kwa bisibisi ili gari liamini imefungwa. Milango vivyo hivyo. Funguo ziliwekwa mbali na gari. Mita ikawekwa kwenye ampea 10, ikaungwa kati ya kichwa hasi cha betri na kebo yake, lakini kwanza niliunga waya wa pembeni ili umeme usikatike hata kwa sekunde. Ukikatika, kompyuta zote zinaamka na unaanza kusubiri upya. Na gari likiwa limeungwa hivi, mtu asiguse ufunguo wa kuwasha. Stata itaunguza fyuzi ya mita papo hapo.

Mwanzoni mita ilisoma ampea 3 na kitu, ikashuka kwa ngazi kadiri kompyuta zilivyolala moja moja, na kabla ya nusu saa kwisha ikatulia kwenye 0.21. Hesabu inajieleza: 0.21 mara saa 24 ni ampea-saa 5 kwa siku. Kwa siku 14 ni 70. Betri nzima.

Njia ya kwanza niliyojaribu ndiyo inayofundishwa kila mahali: chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Haikufaa. Kila nikirudisha fyuzi ya kompyuta fulani, gari liliamka, namba ikaruka juu, na ikabidi kusubiri tena. Nikaiacha.

Iliyofaa ni kupima bila kuchomoa. Fyuzi za bapa zina vinundu viwili vidogo vya chuma vilivyo wazi mgongoni. Mkondo ukipita ndani ya fyuzi, unaacha volti ndogo sana kati ya vinundu hivyo. Fyuzi ya ampea 10 ina ukinzani wa kama miliomu 7 hadi 8, kwa hiyo ampea 0.21 zingeacha takriban milivolti 1.6. Mita inayosoma sehemu ya kumi ya milivolti inaiona vizuri. Nikapita tundu baada ya tundu, hakuna kilichoamka. Redio na kompyuta ya milango zilionyesha alama, na nilipozigeuza kuwa ampea zilifika 0.05 kwa pamoja. Fyuzi nyingine zote zilikuwa sifuri.

Kwa hiyo 0.16 hazipiti kwenye boksi la fyuzi kabisa. Habari hiyo ilipunguza kazi kuliko kuipata fyuzi yenyewe, kwa sababu njia za kutoka kwenye betri bila kupita boksini ni chache. Nilihesabu kebo kwenye kichwa chanya: ya stata, ya altaneta, ya boksi, na waya mwekundu wa milimita ya mraba 6 uliobanwa chini ya nati, umezungushiwa utepe mweusi ili ufanane na wenzake. Nikaulegeza. Mita ikashuka hadi 0.05.

25 Januari: rilei yenye joto

Kuufuata waya mwekundu. Unaingia kabini kupitia raba ya kebo ya boneti, unapita chini ya zulia, unaibukia nyuma ya paneli ya kushoto. Njia nzima hauna fyuzi hata moja. Hili ni baya kuliko betri kuisha. Waya huo ukichubuka popote ukagusa bodi, betri itamwaga kila ilichonacho mahali pale, na hakuna kitakachoukata isipokuwa waya wenyewe kuungua.

Mwisho wake kuna rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya koili, ya kulishia tela umeme wa kuchaji. Niliipata kwa mkono kabla ya macho: gari limelala tangu jana, kila chuma ni baridi, rilei ina uvuguvugu. Koili yake ilipimwa omu 80. Volti 12.6 kugawa kwa 80 ni ampea 0.16, na hesabu ikafungika bila kubaki kitu.

Sababu ni kipande cha waya kifupi kuliko kidole. Kwenye rilei za namna hii, 30 ni umeme unaoingia kutoka betri, 87 unaotoka, na 85 na 86 ni ncha za koili. Ncha 86 ilipaswa kupata umeme wa ufunguo, ule ambao michoro ya magari huuita 15, ili rilei ishike gari likiwa limewashwa tu. Aliyefunga hakutaka kuvuta waya hadi mbele. Akairukisha 86 kwenda 30 hapo hapo. Tela lilipata umeme, mteja akaridhika, rilei ikashika usiku na mchana kwa miaka.

Kwa sasa waya mwekundu umetolewa kwenye betri na ncha yake imefungwa. Marekebisho kamili yatasubiri, kwa sababu soketi ya tela imeungwa na taa za nyuma, na taa za nyuma zina kesi yake.

Gharama: hakuna kilichonunuliwa. Muda mwingi wa kunyanyua zulia.

1 Februari: indiketa inayong'aa kwa breki

Dalili hii ni ya kizamani na inajulikana: ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi. Taa ya nyuma kulia ina balbu za breki, taa ndogo, indiketa na rivasi kwenye sahani moja, na zote zinarudi kwenye bodi kwa waya mmoja wa ethi. Waya huo ukiziba, umeme wa breki hutafuta njia nyingine ya kurudi. Unapita kinyumenyume kwenye balbu ya indiketa, unafuata waya wake hadi indiketa ya mbele, na unashukia kwenye ethi nzima ya huko. Mwambie mtu akanyage breki, kisha tazama indiketa ya mbele upande huo huo. Ikiwa nayo ina wekundu wa mbali ndani, huna haja ya kumlaumu mtu mwingine. Hapa ilikuwa nao.

Hata hivyo nilipitia mambo mawili mepesi kwanza, kwa sababu yanatoa dalili za kufanana. Balbu ya breki na taa ndogo, P21/5W, ina vijino viwili vya ubavuni, kimoja juu kuliko kingine, ili isiingie kinyume, lakini kishikio kikichakaa inalazimishika. Yetu ilikuwa imekaa sawa. Kisha nikasafisha migusano ya sahani kwa brashi ya waya. Hakuna mabadiliko.

Kwenye ethi yenyewe nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo gari hili lilipowapotosha waliotangulia. Ukiweka mita kwenye mlio na kugusa ethi ya taa kwa upande mmoja na bodi kwa upande wa pili, inalia. Mafundi wengi huishia hapo: imelia, ethi nzima, tafuta kwingine. Lakini mita nyingi hulia kwa ukinzani wowote ulio chini ya omu 30 hivi. Omu 4 kwake ni sawa na sifuri. Kwa balbu ya wati 21, ambayo ikiwaka ina ukinzani wa kama omu 7, omu 4 za ethi ni zaidi ya theluthi ya umeme wote.

Kipimo cha kuaminika ni cha volti, taa ikiwa inafanya kazi. Waya mweusi wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, kwa kuunganisha waya mrefu. Mwekundu kwenye ethi ya sahani ya taa. Breki ikanyagwe. Ethi nzima ingesoma chini ya 0.1. Hii ilisoma 4.6. Breki ikiachwa: sifuri. Yaani bila mzigo hitilafu haipo, na kwa mzigo imekula volti 4.6 kati ya 12. Kila kilichofuata kwenye mradi huu kilikuwa toleo jingine la jambo hilo hilo.

Boliti ya ethi iko nyuma ya taa, kwenye nguzo, mahali maji ya paa yanapotiririkia. Kichwa cha pete kilikuwa kimekaa juu ya rangi na kutu. Nilikikata, nikakwangua bodi mpaka chuma king'ae kwa upana wa pete, nikabana kichwa kipya, nikaweka washa yenye meno, nikakaza, kisha ndipo nikapaka grisi juu ya vyote. Mpangilio huo ni muhimu: grisi ni ya kuzuia maji yasifike kwenye mgusano, si ya kuwekwa katikati ya mgusano.

Baada ya hapo: 0.05. Indiketa imetulia. Upande wa kushoto nao ulisoma 0.4, haujaanza kuonyesha dalili, lakini nao nikaufanya vilevile.

Gharama: vichwa viwili vya pete, washa mbili.

8 Februari: balbu mahali pa fyuzi

Fyuzi inayokatika bila mpangilio haitafutwi kwa kuweka fyuzi. Utamaliza pakiti, na kila moja inakupa nusu sekunde ya ushahidi. Inatafutwa kwa balbu: chomoa fyuzi, unga balbu ya wati 21 kwenye tundu lake. Sasa shoti ikitokea, balbu inawaka kwa nguvu na mkondo hauwezi kuzidi kama ampea 1.75. Waya haungui, na shoti inaweza kubaki pale muda wowote unaotaka huku ukiitafuta.

Jambo moja husahaulika. Kama balbu za saketi hiyo zimo, umeme utapita kwenye balbu yako kwenda kwao na itawaka nusu nusu hata pasipo na shoti. Toa kwanza zote. Hapa ni taa ndogo ya mbele kulia, ya nyuma kulia, na mbili za namba. Zilipotoka na swichi ya taa kuwashwa, balbu yangu ilikaa giza, kama inavyotakiwa.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa soketi ya tela. Ina kutu ya kijani, imeungwa kwenye waya huu huu wa taa ndogo za kulia, na inakaa chini ya bampa inakorushiwa maji na kila tairi. Nikainyunyizia maji, nikaitingisha, nikalivuta fungu lake la nyaya kila upande. Giza. Nikaufuata waya kutoka soketi hadi kwenye nguzo, nikiukunja sentimita kwa sentimita. Giza. Ilinigharimu muda mrefu kuliko inavyostahili, kwa sababu soketi ilionekana na hatia.

Kisha msaidizi alifungua mlango wa nyuma kulia ili atoe boksi la vifaa, na balbu ikamweka. Akausogeza tena taratibu. Ikawaka mlango ukiwa umefunguka kama nusu, ikazima ukiendelea. Inawaka kwenye pembe moja tu, sehemu ndogo ya safari ya mlango. Ndiyo maana fyuzi ilikatika mara leo, mara baada ya mwezi: ilitaka mlango ufunguliwe taa zikiwa zimewashwa, na usimame pale pale.

Kati ya nguzo na mlango kuna soksi ya mpira yenye mikunjo, nyaya nane ndani. Niliichomoa upande wa nguzo na kuivuta nyuma. Waya wa taa za namba ulikuwa na ganda lililopasuka kwa urefu wa kucha, shaba iko wazi. Kando yake waya wa ethi ya mlango, nao umepasuka. Mlango ukifika nusu, soksi inajikunja na hao wawili wanabusiana.

Humo humo nikapata kesi ya loki. Waya wa mota ya loki kwa nje ni mzima, ganda halina mkwaruzo. Mita upande wa mlangoni, loki ikiwa imeagizwa kufunga: volti 12.5. Nikaunga balbu ya wati 21 kati ya waya huo na ethi, na mita ikiwa bado pale: 0.9, balbu haionyeshi hata wekundu. Nilipoupasua, nyuzi zote za shaba zilikuwa zimekatika kwa uchovu wa kukunjwa, zinagusana ncha kwa ncha, nyeusi.

Mita haikudanganya. Iliulizwa swali jepesi. Ukinzani wa ndani wa mita ya kidijitali kwa kawaida ni megaomu 10, kwa hiyo inapopima volti 12 inavuta kama maikroampea 1. Hata mgusano mbovu wa kiloomu 10 unapitisha hizo bila kupoteza cha kuonekana. Mota ya loki inataka ampea kadhaa. Waliobadilisha mota hapo nyuma walipima, wakaona 12.5, na wakahitimisha kwamba waya ni mzima na mota imekufa.

Gharama: hakuna. Fyuzi iliyokatika leo: hakuna.

15 Februari: soksi ya mpira

Kazi ya mikono, na ndiyo iliyochukua nafasi kubwa kuliko utambuzi.

Kwanza kilichokataa. Kulikuwa na kiungo cha zamani cha lehemu ndani ya soksi, kwenye waya wa taa ya kabini. Hakikuachia penyewe. Waya ulikatika milimita chache pembeni yake, pale risasi iliponyonywa na nyuzi na kuishia. Sehemu iliyoloa risasi haikunjiki, inayofuata inakunjika, na mpaka kati yake ndio unaobeba kila ufunguaji wa mlango. Sina ugomvi na lehemu kwenye dashibodi. Kwenye bawaba haifai.

Kwa hiyo kanuni ya leo: ndani ya soksi hakuna kiungo chochote. Kila waya unakatwa nje ya mikunjo, upande mmoja ndani ya nguzo na mwingine ndani ya mlango, na kipande kipya kinapita katikati kikiwa kizima. Viungio ni vya kubana kwa koleo, vyenye mrija wa gundi unaonywea kwa joto. Vipangwe kwa kupishana, vikikaa vyote mahali pamoja vinafanya uvimbe usiopita kwenye tundu.

Waya wa kwanza niliotumia ulikuwa wa kawaida wa magari, milimita ya mraba 1.5 kwa nyaya zote nane, ganda nene. Umeme ungepita bila shida. Soksi ndiyo iliyokataa: fungu lilijaa shingo yake, mlango ukifungwa likawa linasukuma soksi itoke kwenye nguzo. Zote zikatolewa. Zilizorudi ni za ganda jembamba na nyuzi nyingi laini: 1.5 kwa mota ya loki na ethi, 1.0 kwa taa na swichi. Maji ya sabuni kidogo ndani ya mpira, zikapita. Rangi hazikutosha kufanana na za kiwandani, kwa hiyo kila waya una namba pande zote mbili.

Usifunge utepe wa umeme ndani ya mikunjo. Unaunganisha nyaya ziwe kama fimbo, na zinatakiwa kuteleza kila mmoja kwa nafasi yake. Utepe wa kitambaa mwanzoni na mwishoni unatosha.

Kisha lile deni la fyuzi ya kijani. Nilifungua fungu la nyaya nyuma ya paneli ya kulia ili niuone waya wa taa ndogo. Karibu na boksi, mahali ulipo peke yake, ganda lilikuwa limebadilika rangi kidogo. Katikati ya fungu, palipokosa hewa, lilikuwa kahawia na gumu, linapasuka ukilikunja, na limeanza kushikana na waya wa jirani. Waya wa jirani ulipona. Huu ulibadilishwa wote kutoka boksi hadi nyuma, mita tano za 1.0. Balbu zikarudishwa, taa zikawashwa, upotevu wa volti kutoka fyuzi hadi taa za namba ni 0.13.

Gharama: mita tano na ziada kidogo za waya wa taa, vipande vinane vya soksi, na vingine vinane vilivyotupwa, viungio 16, utepe wa kitambaa. Paneli ya ndani ilipoteza klipu kadhaa za plastiki, kama kawaida yao.

22 Februari: tela

Nyaya za tela zilikuwa zimeungwa kwenye taa za gari kwa vile viunganishi vya plastiki vinavyobanwa na kutoboa ganda kwa kibao cha chuma. Ni vya haraka, ndani ya kabini kavu hudumu. Nyuma ya taa, maji huingia pale ganda lilipotobolewa. Nilivikuta vyote na kijani ndani, na kimoja kilikuwa kimekata nusu ya nyuzi za waya wa gari wenyewe. Vyote vimetoka, viungio vya kubana vyenye gundi vimeingia.

Waya mwekundu umerudi kwenye betri, safari hii na fyuzi ya ampea 30 karibu kabisa na kichwa chanya, kama kiganja kimoja. Fyuzi ikiwekwa mwisho wa waya haiulindi waya. Kile kipande cha 86 kwenda 30 kimekatwa. Badala yake waya mwembamba umevutwa kutoka umeme wa ufunguo hadi 86, na 85 imepelekwa kwenye boliti mpya ya ethi. Inalisha pini 10 ya soketi, ambayo kwenye soketi za pini 13 ndiyo ya kuchaji gari likiwa limewashwa. Ethi yake ni 11.

Jaribio: ufunguo ukifungwa, rilei inaachia kwa mlio unaosikika. Baada ya saa moja ni baridi.

15 Machi: vipimo baada ya kulala

Gari limekaa wiki mbili kamili bila kuguswa. Kabla ya kulala lilisoma 12.7 na lilikuwa linavuta ampea 0.05. Leo asubuhi 12.4, ikawaka mara moja. Inalingana na hesabu: 0.05 kwa siku 14 ni kama ampea-saa 17, robo ya betri.

Ethi za nyuma, breki ikikanyagwa: 0.05 kulia, 0.06 kushoto. Loki ya mlango inafunga kila mara, pia mlango ukiwa nusu. Fyuzi nyekundu ya siku ya kwanza bado ipo.

Yaliyobaki ni mawili. Ampea 0.05 ni kwenye ukingo wa juu, na sehemu kubwa ni redio iliyowekwa baadaye; mwenyewe anataka kuibadilisha, basi itapimwa pamoja na mpya. Soketi ya tela imesafishwa lakini pini zake mbili zimeliwa, na taa ya ukungu ya tela ikiwashwa upotevu ni volti 1.1. Hiyo haisafishiki. Fyuzi ya ampea 30 ya waya mwekundu wa tela nimeichomoa na kuifunga kwenye kifuniko cha boksi na karatasi: isirudishwe mpaka soketi ibadilishwe.